Haki ya Kujadiliana Hailindwi na Mtu Mmoja

Leo twanena juu ya haki ya watumishi kuketi na mwajiri na kupatana naye habari za mishahara, posho na hali ya kazi. Wengi wetu twaitumia haki hii, wachache twaitunza.

Haki hii haikushuka kama mvua. Mwaka 1922 watumishi wa Serikali wa Kiafrika walikutana Tanga wakaunda chama chao, na kiongozi wao alikuwa karani, Martin Kayamba. Katika miaka iliyofuata watu wetu wa Buha walikwenda Tanga hiyo hiyo kukata mkonge, wakiitwa manamba. Karani alikuwa na chama. Manamba hakuwa na wa kumsemea. Mwezi wa Septemba 1947 wachukuzi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukapanda bara kwa njia ya reli. Mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, na katibu mkuu wake wa kwanza, Rashidi Kawawa, alikuwa ametoka katika uongozi wa chama cha watumishi wa Serikali. Hivyo karani na kuli wakaanza kukaribiana.

Lakini mwaka 1964 Shirikisho lilivunjwa, kikawekwa chama kimoja, NUTA. Katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais, naye papo hapo alikuwa Waziri wa Kazi. Mtu mmoja hawezi kuwa muuzaji na mnunuzi, kisha bei ikawa ya haki.

Baadaye mlango ulifunguliwa tena. Sheria ya mwaka 2003 ya majadiliano katika utumishi wa umma iliweka mabaraza ya pamoja, na sheria ya ajira ya mwaka 2004 ilimpasa mwajiri kujadiliana kwa nia njema na chama kilichotambuliwa. Je, sheria yatosha? La. Mwaka 2012 madaktari waligoma kwa wakati wao. Mwisho wa Julai walimu nao wakagoma, wakidai, pamoja na mengine, posho ya asilimia 30 kwa walio katika mazingira magumu. Dai hilo latuhusu sana sisi wa nyanda hizi za juu. Tarehe 2 Agosti Mahakama ilitamka kwamba mgomo wa walimu si halali, wakarudi kazini. Kila kundi lilikwenda kwa njia yake, na kidole kimoja hakivunji chawa.

Wala tusidhani kwamba haki ikipatikana imekwisha kupatikana. Huko Wisconsin, Marekani, mwaka 2011 sheria moja iliwaondolea watumishi wengi wa umma karibu haki yote ya kujadiliana, ila polisi na wazima moto hawakuguswa. Angalieni hila hiyo: wengine waachwe, ili wasisimame na wenzao.

Wako wasemao kwamba mtumishi adaiye amlemea mkulima mlipa kodi. Neno hilo ni zito, nasi hatulipuuzi, kwa kuwa mkulima huyo ni mzazi wetu. Lakini kujadiliana si kugoma. Kujadiliana ndiko kunakozuia mgomo. Muuguzi asiyelipwa nauli ya likizo, na mwalimu mwenye malimbikizo ya miaka, hawamhudumii mkulima kwa moyo mkunjufu.

Basi, ndugu, tufanye nini? Kwanza, tuache kudharauliana kwa vyeo. Mwalimu ana chama chake, muuguzi chake, mtumishi wa halmashauri chake. Na viwe vitatu, lakini kabla ya kukutana na mwajiri viongozi wao wakutane, wapatane neno moja. Pili, tuhudhurie baraza la wafanyakazi, tuisome bajeti kabla haijapita, maana baada ya Julai kulalamika ni kupiga maji kinu. Tatu, karani ajua kuandika: na amsaidie mwenzake kuliandika dai lake, lenye tarehe na nakala, ili lisipotee katika faili.

Asiyetoa ada wala kuhudhuria mkutano hula jasho la wenzake. Naye siku haki ikiondolewa, ataondolewa pamoja nasi.