Msimu wa tuzo za filamu: Kwa nini muvi yako ya mwaka huwa inakosa Oscar

Desemba ikifika ukingoni, mashabiki wa muvi huwa na kazi moja: kupanga orodha. Kumi bora za mwaka, tano bora, na ile moja ambayo mtu yuko tayari kugombana na grupu zima la WhatsApp kuitetea.

Kwa mwaka 2025, ukipitia orodha hizo ni vigumu kuikwepa Sinners ya Ryan Coogler. Michael B. Jordan anacheza mapacha wawili, mahali ni Mississippi, mwaka ni 1932, kuna muziki wa blues na kuna wanyonya damu wanaobisha hodi usiku wakiomba kukaribishwa ndani. Wengine wameiweka juu One Battle After Another ya Paul Thomas Anderson, ile ya Leonardo DiCaprio.

Kisha ikawa zamu ya wapiga kura wenyewe. Januari 22, 2026 Akademi ya Filamu ya Marekani ilitaja majina ya wanaowania Oscar, na tuzo zilipangwa kutolewa Machi 15, 2026 jijini Los Angeles, mshereheshaji akiwa Conan O'Brien kwa mwaka wa pili mfululizo.

Kwa uzoefu wa miaka iliyopita, orodha ya mashabiki na orodha ya Akademi huwa hazifanani. Watu wanalaumu ladha ya wazee wa Hollywood, na lawama hiyo haikosi ukweli. Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Kabla filamu haijashindana na nyingine kwa ubora, inatakiwa ipite kwanza kwenye milango kadhaa, na nyingi zinabaki nje bila mtu kusema kwamba ni mbaya.

Kumbe walikuwa wanapiga kura bila kuangalia?

Aprili 2025 Akademi ilitangaza kanuni mpya ya kuanza kutumika kwenye msimu wa tuzo za 2026: mwanachama hawezi kupiga kura ya mwisho kwenye kipengele chochote mpaka awe ameangalia filamu zote zinazowania kipengele hicho.

Soma tena hapo. Tuzo hizi zilianza kutolewa mwaka 1929. Maana yake kwa miongo yote hiyo mtu aliweza kuchagua mwigizaji bora kati ya watano huku ameona kazi za wawili tu, na kura yake ikahesabiwa kama ya yule aliyekesha akiziangalia zote. Vipengele vichache vilikuwa na masharti yake, ila kwa vingi mambo yalikuwa hivyo.

Kanuni yenyewe ina upenyo. Akademi ina jukwaa lake la mtandaoni ambako wanachama wanaangalia filamu, na huko ni rahisi kujua nani kaangalia nini. Lakini aliyeiona filamu ukumbini au kwenye tamasha anajaza fomu tu kusema ameiona. Hapo kinachobaki ni uaminifu wake.

Mashabiki wameicheka sana Akademi kwa hili. Ila kicheko hicho kinataka tahadhari, maana shabiki wa Dar es Salaam, Mombasa au Kigali naye anapanga kumi bora zake kutokana na alichofikiwa nacho. Filamu nyingi za msimu wa tuzo zinaingia kumbi chache sana za Marekani mwishoni mwa mwaka na huku zinafika kwa kuchelewa, au hazifiki kabisa. Kwenye vibanda umiza ndiyo usiseme. Kule muvi inayotamba ni ile iliyopata mtafsiri anayeijua kazi, kama alivyokuwa Lufufu kwa Tanzania na alivyo DJ Afro kwa Kenya. Drama ya saa tatu kuhusu msanifu majengo haina nafasi mbele ya muvi ya ngumi.

Pilau linavyomshinda pweza

Mlango wa pili ni hesabu, na huu ndio unaowachanganya wengi.

Vipengele vingine vyote vya Oscar mshindi ni mwenye kura nyingi, basi. Filamu Bora ni tofauti. Tangu sherehe ya mwaka 2010 mpiga kura haweki alama kwa filamu moja, anazipanga zote kwa namba: ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi.

Chukua wanafunzi 10 wa hosteli wanaotaka kuagiza chakula cha pamoja. Wanne wanataka pweza, watatu pilau, wawili biriani, mmoja chipsi. Kwa hesabu ya kawaida pweza ameshinda. Lakini hakuna chakula kilichovuka nusu, kwa hiyo anayeburuza mkia anatolewa. Chipsi nje, na yule mmoja chaguo lake la pili lilikuwa pilau. Sasa pilau lina wanne. Bado hakuna aliyevuka nusu. Biriani linatolewa, na wale wawili nao waliandika pilau nafasi ya pili. Pilau sita, pweza wanne. Wanakula pilau.

Pweza alipendwa kwa nguvu na wachache, lakini waliobaki hawakumtaka hata kumwona. Pilau halikuwa la kwanza kwa wengi, ila hakuna aliyelichukia.

Ndivyo Filamu Bora inavyopatikana kwa kura za wanachama takriban 10,000. Filamu inayogawa watu, ile ambayo nusu ya ukumbi wanalia kwa furaha na nusu wanatoka kabla haijaisha, inaumia sana kwenye mfumo huu. Na mara nyingi ndiyo hiyo inayoshika namba moja kwenye orodha ya shabiki, kwa sababu shabiki hapangi orodha ya kuwaridhisha wenzake 10,000.

Hata kabla ya mfumo huu mambo yalikuwa magumu. The Shawshank Redemption iliwania tuzo saba mwaka 1995 ikatoka mikono mitupu, Forrest Gump ikabeba ile kubwa. Leo, kwenye tovuti ya IMDb, Shawshank imekaa kileleni mwa orodha ya watazamaji kwa miaka mingi.

Kampeni kama za uchaguzi mkuu

Ukitaka kuelewa fedha zinavyofanya kazi, rudi kwenye msimu uliotangulia. Machi 2, 2025 Anora ya Sean Baker ilibeba tuzo tano, ikiwemo Filamu Bora. Baker peke yake aliondoka na nne usiku huo. Ni filamu iliyotengenezwa kwa takriban dola milioni 6, ambazo kwa Hollywood ni hela ya chai, na watu wengi waliisifia kama ushindi wa mnyonge.

Ni kweli, lakini nusu. Iliripotiwa kwamba wasambazaji wake, Neon, walitumia takriban dola milioni 18 kuitangaza kwa wapiga kura na kwa watazamaji. Yaani kuinadi filamu kulikula mara tatu ya fedha za kuitengeneza. Maonyesho maalumu, chakula cha jioni, mahojiano, mabango kwenye barabara ambazo wapiga kura wanapita. Ni uchaguzi, tena na wapambe wake.

Na kama ilivyo kwenye uchaguzi, mgombea anaweza kuangushwa na maneno yake ya zamani. Emilia Pérez iliingia kwenye kinyang'anyiro hichohicho ikiwania tuzo 13, rekodi kwa filamu isiyo ya Kiingereza. Mwishoni mwa Januari machapisho ya zamani ya mwigizaji wake mkuu, Karla Sofía Gascón, yakafukuliwa mtandaoni, yakiwemo ya kuwakashifu Waislamu. Tayari Wamexico wengi walikuwa wanailalamikia filamu kwa jinsi ilivyowaonyesha. Ikaambulia mbili: Zoe Saldaña kama mwigizaji msaidizi, na wimbo. Filamu ilikuwa ileile iliyopigiwa kura kwenye uteuzi, hakuna hata sekunde moja iliyobadilishwa.

Sinners ilikuwa na mtihani wake. Ilitoka Aprili 2025, wakati wanaowinda tuzo kwa kawaida huachia filamu zao kati ya Oktoba na Desemba ili wapiga kura wasisahau. Tena ni ya kutisha, na Akademi haizipendi hizo: ya mwisho kubeba Filamu Bora ni The Silence of the Lambs mwaka 1992, na hata hiyo wapo wanaobisha kuiita ya kutisha. Hata hivyo suala la tarehe limeanza kupoteza nguvu. Everything Everywhere All at Once ilitoka Machi, Oppenheimer ikatoka Julai, na zote zilishinda. Sinners nayo iliingiza zaidi ya dola milioni 360 duniani, na mkataba wa Coogler wa kurudishiwa haki za filamu yake baada ya miaka 25 umezungumzwa Hollywood karibu kuliko filamu yenyewe. Kusahaulika si tatizo lake.

Kiswahili kinapitia mlango gani?

Hapa ndipo habari inapowahusu wasomaji wa lugha hii moja kwa moja.

Kipengele cha Filamu Bora ya Kimataifa kinataka zaidi ya nusu ya mazungumzo yasiwe ya Kiingereza. Nigeria iliumia kwa hilo mwaka 2019, filamu yake ya kwanza kabisa kupelekwa, Lionheart ya Genevieve Nnaji, ilipoondolewa kwa sababu wahusika wanazungumza Kiingereza karibu muda wote. Wanigeria walikasirika, kwa haki, maana hiyo ndiyo lugha rasmi ya nchi yao. Filamu ya Kiswahili haina tatizo hilo. Mlango huo iko wazi kwake kuliko kwa majirani wengi.

Inakokwama ni kwingine. Mtengenezaji hajipeleki mwenyewe. Kila nchi inapeleka filamu moja tu, inayochaguliwa na kamati ya nchi hiyo, na lazima iwe imeonyeshwa ukumbini kwa siku saba mfululizo.

Siku saba zinaonekana kitu kidogo. Waulize Wakenya. Mwaka 2018 Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuingia kwenye tamasha la Cannes, ilipigwa marufuku nyumbani kwa sababu ya mapenzi ya wasichana wawili. Kahiu akaenda mahakamani, na Septemba mwaka huo jaji akaisimamisha marufuku kwa siku saba tu ili filamu itimize sharti la Oscar. Watu walijaza kumbi za Nairobi. Kisha kamati ikaketi na kuchagua Supa Modo ya Likarion Wainaina, ambayo ni filamu nzuri kweli.

Tanzania ilikaa miaka mingi bila kupeleka kitu. Baada ya Maangamizi mwaka 2001, iliyofuata ni Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji mwaka 2022, inayotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ya Yasmin na Denge katika Zanzibar ya miaka ya 1950. Katikati hapo Bongo Movie ilitengeneza filamu kwa mamia, na enzi za Steven Kanumba zilitazamwa mpaka Kongo. Lakini zilitoka kiwandani kwenda kwenye CD na DVD, kisha sebuleni. Kwa sharti la siku saba ukumbini, ni kama hazikuwahi kuwepo.

Vuta N'Kuvute haikuingia tano bora. Filamu yenye Kiswahili iliyowahi kufika huko ni Watu Wote, fupi, iliyowania mwaka 2018. Inasimulia shambulio la basi Mandera mwaka 2015, pale abiria Waislamu walipokataa kutengana na Wakristo ili wasiuawe. Hadithi ya Kenya, waigizaji wa Kenya, ila mwongozaji ni Mjerumani, Katja Benrath, na ilikuwa kazi ya wanafunzi wa chuo cha Hamburg. Filamu fupi hazisubiri kamati ya taifa, na huo ndio upenyo ilioupata.

Kukwepa kamati ya nyumbani ni mbinu iliyotumika hata msimu wa tuzo za 2026. Jafar Panahi wa Iran alitengeneza It Was Just an Accident kwa siri, bila kibali cha serikali, akashinda tuzo kuu ya Cannes Mei 2025. Serikali yake isingeipeleka Oscar hata kwa mtutu. Imepelekwa na Ufaransa, ambayo kampuni zake zilishiriki kuitengeneza. Desemba mahakama ya Iran ilimhukumu Panahi kifungo cha mwaka mmoja bila yeye kuwepo.

Mwaka 2025 Brazil ilipata Oscar yake ya kwanza ya filamu ya kimataifa kwa I'm Still Here, na Latvia ikapata ya kwanza kabisa kwa katuni ya Flow, ya paka asiyesema neno hata moja. Flow ilitengenezwa kwa programu ya Blender, ambayo inapatikana bure, ikaishinda Inside Out 2 iliyoingiza zaidi ya dola bilioni 1.6, na ikaishinda pia The Wild Robot yenye sauti ya Lupita Nyong'o. Wakenya waliokesha kumsubiri Lupita walilala na hasira.

Mwaka 2026 wa kukesha walikuwepo pia. Sherehe ilipangwa kuanza saa 8 usiku wa kuamkia Jumatatu, Machi 16, kwa saa za Afrika Mashariki, na tuzo ya Filamu Bora huwa inatolewa mwisho kabisa, karibu na alfajiri.