Mchoro Wangu Ulipata 42, na Hadi Leo Sijui Kwa Nini

Muhula wa pili chuoni, nilichora mama mboga wa pale steji, hapa Nakuru. Wiki tatu nzima, na pesa ya nauli ikaishia kwa rangi. Mchoro ukarudi na 42 imeandikwa nyuma kwa penseli. Nikamuuliza lekchara nimekosea wapi. Akasema, "Hauna uhai." Basi. Ripoti yote ilikuwa hiyo.

Mwenzangu alipata 71. Labda kazi yake kweli ilikuwa bora kuliko yangu. Shida ni kwamba hata yeye hakujua kwa nini. Muhula uliofuata alirudia mtindo ule ule, akafeli.

Watu husema sanaa haina jibu moja, kwa hivyo tuzoee tu. Ni kweli, jicho la mtu aliyechora miaka ishirini linaona mambo ambayo langu halioni. Lakini tukitegemea jicho peke yake, jicho likibadilika na jibu linabadilika. Angalia Makerere. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa pale miaka ya 1930, alitaka wanafunzi wachore kutoka kwa maisha na hadithi za kwao, wasiige Wazungu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 akaja Cecil Todd, akaleta historia ya sanaa ya Ulaya na mitindo ya kisasa. Chuo ni kile kile. Sasa fikiria mwanafunzi aliyejikuta katikati.

Na gredi si sifa tu. Ukifeli unalipa kurudia, kuhitimu kunachelewa, na mzazi akikuuliza shida ni nini huna la kumwambia. Kibaya zaidi, unaanza kuchora anachopenda lekchara. Daro letu lilijaa flamingo wa Ziwa Nakuru kwa sababu tulisikia anapenda flamingo!

Mimi niliacha chuo. Sitadanganya kwamba ni 42 iliyonitoa, ni karo. Lakini nilipokuwa naamua kama nitafute pesa nirudi, ile 42 ilikuwa inanong'ona sikioni.

Hatuombi alama za bure. Tunaomba vigezo viandikwe kabla hatujashika brashi: utunzi alama ngapi, rangi ngapi, wazo ngapi. Tunaomba msahihishaji wa pili asiyejua jina la mwenye kazi. Na sentensi mbili za maelezo, hata kama darasa ni kubwa. Insha ya KCSE pia haina jibu moja, lakini watahini huisahihisha kwa mwongozo waliokubaliana. Mbona mchoro ushindikane?

Mwaka wa 2021 Nakuru iliingia kwenye orodha ya UNESCO ya miji bunifu, upande wa ufundi na sanaa za kiasili. Tunajivunia hilo. Lakini mji wa wasanii unahitaji pia wasanii wanaoambiwa wamekosea wapi.

Siku hizi, nisipoandika blogu, nachora mabango ya vinyozi. Juzi mteja alikataa kazi yangu. Akaniambia herufi ni ndogo, mtu wa ng'ambo ya barabara hawezi kusoma, na nyekundu imezidi. Nikarekebisha, akalipa. Huyo ni kinyozi, hajawahi kukanyaga darasa la sanaa. Kama yeye anaweza kueleza, lekchara wangu alishindwa na nini?