Mashini yenye alama haibadilishwi kirahisi

Goma. Jioni, kwenye vibanda vya kuchajia, mashini zinapangwa juu ya ubao mmoja: HP nyeusi, Dell nyeusi, Lenovo nyeusi, karibu zote zimenunuliwa zikiwa zimeshatumika. Mwanafunzi anatoa kikaratasi chake chenye namba, anapewa mashini, anaondoka. Nyumbani anaifungua na neno la siri linakataa. Anarudi mbio, mwenye kibanda anamjibu: «Mdogo wangu, zote si ni nyeusi?»

Ndiyo sababu wazazi wanaowacheka vijana wanaovalisha mashini zao kitenge wanakosea. Wanasema ni anasa, kwamba mtoto aliyekimbia vita na godoro moja hana haki ya kutafuta urembo. Lakini kwa familia inayolala kwa watu tangu kambi za Kanyaruchinya na Bulengo zilipobaki tupu mwanzoni mwa 2025, mashini moja inaweza kubeba TFC ya kaka, barua za kazi za dada, na picha za nyumba iliyoachwa kijijini. Kitu cha namna hiyo kinastahili kujulikana kwa mbali kwamba ni cha nani.

Na haiombi dola za mchapishaji. Fundi wa kushona ana vipande vya kitenge ambavyo mara nyingi anavitupa. Kinachonunuliwa ni plastiki ya kung'aa yenye gundi upande mmoja, ile inayofunikia madaftari mwezi wa tisa.

Kwanza mashini izimwe na ichomolewe kwenye moto. Kifuniko kipanguswe kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo na kukamuliwa sana, maana vumbi la makoro likibaki chini, plastiki haishiki. Kisha kipimwe kwa rula. Hapa wengi wanapoteza pesa: wanachapisha picha kwenye karatasi ya A4, yenye sentimita 21 kwa 29,7, na kumbe kifuniko cha mashini ya inchi 14 kina karibu sentimita 32 kwa 22. Anayetaka picha achukue A3. Mwenye kitenge hana shida hiyo.

Plastiki ikatwe ikiwa ndogo kuliko kifuniko kwa milimita 2 kila upande, ili kingo zisiinuke kila mashini inapoingia mfukoni. Kitenge kilichopigwa pasi kikatwe kidogo zaidi, sentimita 1 na nusu ndani ya plastiki pande zote, halafu kibandikwe katikati ya upande wenye gundi. Ule ukingo uliobaki ndio utakaoshika mashini. Hakuna tone la gundi ya maji, na supaglu isikaribie kabisa, inaharibu rangi na haitoki. Anza upande mmoja, sukuma polepole kwa rula iliyofungwa kitambaa. Hewa ikibaki, toboa kwa sindano.

Upande wa chini uachwe wazi. Matundu yale ndiyo pumzi ya mashini, yakizibwa inachemka. Na kama kifuniko au sehemu ya betri imevimba, mapambo yangoje, apelekewe fundi kwanza.

Kuhusu picha ya kuweka, vijana wasikie vizuri. Bendera ya chama, sura ya mkubwa yeyote, nembo ya shirika ambalo mtu halifanyii kazi: vyote hivyo vinaweza kuleta maswali marefu kwenye bariera, na jibu la «ni pambo tu» halisaidii saa hiyo. Maua ya kitenge hayaulizwi kitu. Jina kamili na namba ya simu visiandikwe nje pia. Afadhali viandikwe kwenye karatasi ndogo chini ya kitenge, mahali ambapo mwenyewe tu anajua.

Kitenge kinaweza kubanduliwa na mwizi, hilo ni kweli. Kwa hiyo namba ya utambulisho iliyo chini ya mashini iandikwe kwenye daftari la nyumbani, si ndani ya mashini yenyewe. Wenye vibanda vya kuchajia nao wangefanya vizuri kuandika namba hiyo mbele ya mwenye mashini wakati wa kuipokea. Wanachukua pesa za watu kila siku, na kikaratasi kile kimoja hakitoshi.