Jina Zito Kuliko Chuma

Ndugu msomaji, mtoto azaliwapo, zawadi ya kwanza apewayo na wazazi wake ni jina. Nguo zitambana akikua, na kitanda kitarithiwa na mdogo wake, lakini jina atakwenda nalo hata kaburini. Kwa kuwa tumelizoea, ni mara chache tunakaa na kujiuliza lina thamani gani. Jumapili hii nakuletea habari za kijana aliyelazimika kujiuliza swali hilo, na jibu lake likasikika dunia nzima.

Kijana huyo ni Naim Süleymanoğlu, mnyanyua uzito wa Uturuki. Alizaliwa tarehe 23 Januari 1967 katika kijiji cha Ptichar, kusini mwa Bulgaria, miongoni mwa Waturuki walioishi huko tangu enzi za utawala wa Uthmaniya. Hata alipokuwa mtu mzima, kimo chake hakikufika sentimita 150. Ungemwona kwa mbali ungedhani ni mwanafunzi wa shule ya msingi. Lakini akiwa na umri wa miaka 16 tayari alikuwa amevunja rekodi za dunia za watu wazima. Bulgaria ilipogomea Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, ilimbidi abaki nyumbani huku nishani za dhahabu zikigawiwa wengine.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa bado njiani. Mwishoni mwa mwaka huo huo serikali ya Todor Zhivkov ilianza kuwalazimisha Waturuki wa nchi hiyo kuyaacha majina yao na kuchukua ya Kibulgaria. Kusema Kituruki hadharani kulikatazwa. Mamia ya maelfu ya watu, wazee kwa watoto, waliandikiwa majina mapya, na Naim akaambiwa kuwa tangu sasa yeye ni Naum Shalamanov. Hakunyimwa chakula, mwalimu wala nafasi ya kusafiri nje kushindana. Alichotakiwa ni kukubali kuitwa jina ambalo mama yake hakumpa.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Mwezi Desemba 1986, timu ya Bulgaria ilipokuwa mashindanoni mjini Melbourne, Australia, kijana huyu wa miaka 19 alitoroka, akajificha kwa siku kadhaa, kisha akaomba hifadhi ya Uturuki. Waziri Mkuu Turgut Özal alimtumia ndege ya kumchukua kutoka London hadi Ankara. Huko ndiko alikolichukua jina la Süleymanoğlu, ambalo maana yake ni mwana wa Sulemani. Kwetu sisi tungemwita Naim bin Selemani, na tungemwelewa mara moja.

Lakini tusilipake jambo hili asali, ndugu msomaji. Wazazi wake walibaki Bulgaria, chini ya serikali ile ile aliyoikimbia. Wewe uliye mzazi, ungemwambia mwanao aende? Nawe uliye kijana, ungeondoka ukijua kwamba huenda usiwaone tena? Naim aliubeba uzito huo karibu miaka miwili, na hapana shaka ulimwelemea kuliko chuma chochote alichopata kukishika.

Kanuni za mchezo zilimtaka mwanamichezo aliyehama nchi angoje kwanza kabla ya kuiwakilisha nchi yake mpya. Uturuki ililipa Bulgaria fedha nyingi, zinazotajwa kufikia dola milioni 1 au zaidi, ili zuio hilo liondolewe. Mwezi Septemba 1988, mjini Seoul, alipanda jukwaani katika kundi la wenye uzito usiozidi kilo 60. Kwa mkupuo mmoja alinyanyua kilo 152.5. Kisha, kwa mtindo wa kukipandisha chuma kwanza mabegani ndipo kukisukuma juu ya kichwa, akanyanyua kilo 190, yaani zaidi ya mara 3 ya uzito wa mwili wake mwenyewe! Jumla ilikuwa kilo 342.5, rekodi mpya ya dunia. Ubao wa matokeo ukaonyesha jina alilolichagua mwenyewe. Baada ya ushindi huo wazazi wake waliruhusiwa kumfuata Uturuki.

Mwaka 1989 Waturuki zaidi ya 300,000 waliihama Bulgaria. Mwezi Novemba Zhivkov akaanguka, na mwezi uliofuata waliobaki wakapewa haki ya kurudia majina yao. Mwaka 2012 Bunge la Bulgaria lenyewe lililaani kitendo kile cha kuwabadilisha watu kwa nguvu.

Naim alishinda tena Barcelona mwaka 1992 na Atlanta mwaka 1996, akawa mnyanyua uzito wa kwanza kupata dhahabu 3 za Olimpiki. Kule Atlanta alimshinda Mgiriki Valerios Leonidis kwa kilo 2.5 tu. Alijaribu tena Sydney mwaka 2000, lakini chuma kilimshinda mara zote 3. Mwili ule ulikuwa na udhaifu wake, kwani alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, na ugonjwa wa ini ukamwua tarehe 18 Novemba 2017, akiwa na miaka 50. Leonidis alisafiri hadi Istanbul kwa mazishi, akalibusu jeneza la mshindani wake.

Rekodi huvunjwa, na makundi ya uzito ya siku zile yamekwisha kubadilishwa. Lililobaki ni fundisho kwa kila nyumba: mwenye mamlaka aweza kufuta jina katika karatasi, lakini hawezi kulifuta katika kinywa cha mama. Kama hujapata kumweleza mwanao maana ya jina lake, na ni nani aliyeitwa hivyo kabla yake, mweleze leo. Huenda siku moja akatakiwa kulibeba peke yake.