Musinunue barua za watoto

Ndugu wafanya kazi, bamama wa kambi, na ninyi vijana munaongojea diplome: juma lililopita baba mmoja wa equipe ya usiku alifika ku biro ya sendika na dosiye ya mutoto wake. Alitaka tu tutie saini kwa attestation. Tukafungua dosiye. Ndani kulikuwa lettre de motivation inayosema kama tangu utoto wake kijana huyu anavutwa na sayansi. Maneno hayo hayo, virgule kwa virgule, tuliisha kuyasoma katika dosiye mbili za mbele. Baba alilipa dola 15 kwa kijana wa cyber. Na fasi ya kazi ya muzazi, mutoto aliandika « commerçant ».

Yule baba anatoboa majiwe miaka 19 sasa. Hakukasirika. Alisema tu: « Labda ana haya. »

Tuseme wazi, kosa ni letu pia. Sisi sendika tulipigania frais scolaires katika kila mkutano na wakubwa, tukapigania bourse ya watoto wa wafanya kazi, lakini hatukukaa hata siku moja kuwaeleza watoto karatasi hizi zinauliza nini. Mutoto anajua dissertation peke yake. Ndiyo anayofundishwa kwa ajili ya Examen d'État: introduction, développement, conclusion, na « mimi » haina nafasi mule. Kisha anachukua namna ile ile, anaipeleka popote. Hapo ndipo anaanguka.

Tuchukue jambo moja la kwetu. Courant inakatika, pompe zinasimama, maji inapanda kule chini, watu wanatoka mbio. Kila nyumba ya kambi inajua usiku wa namna ile.

Katika dissertation, jambo hilo linaingia kama mfano wa kusaidia neno unalotetea: sentensi mbili, unapita. Katika lettre de motivation unalitia kwa kazi ingine: nilisoma électricité kwa institut technique, ninaishi fasi kunako courant inakatika na pompe zinasimama, kwa hiyo ninaomba génie électrique kwenu. Ukurasa moja, si zaidi. Anayeisoma anataka kujua unatoka wapi kwa masomo, juu ya nini filière hii, na juu ya nini shule yake. Ukibadilisha jina la shule na barua inabaki sawa, barua hiyo ni mbaya.

Projet d'études ni kitu kingine, na hapa watoto wengi wanakopia lettre yao mara ya pili. Projet ni plan, kama vile chef d'équipe anavyopanga kazi mbele ya kushuka: miaka mingapi, masomo gani, yanashikana namna gani na option uliyosoma, nani atalipa, na kisha diplome utafanya kazi gani, wapi. Wale wanaopitia Campus France kwenda Ufaransa, mujue kuko entretien. Mutu atakuuliza juu ya yale uliyoandika. Aliyenunua barua ataanza kutoa jasho pale.

Tena kuko Marekani. Familia zingine ziko na ndugu kule, na watoto wanatuuliza. Shule nyingi za kule zinapokea dosiye kwa njia ya Common App, na pale wanaomba essai ya Kiingereza, maneno 250 hadi 650. Haifanani na dissertation hata kidogo. Hapa « mimi » ndiyo kitu wanatafuta. Wanauliza, kwa mfano, unatoka kwa watu gani, ao shida gani ilikukuta na ulijifunza nini. Basi mutoto aandike usiku ule wa pompe: mama alikaa mlangoni hadi saa ngapi, baba alivua bote akasema nini, na yeye mwenyewe alifikiri nini. Asiandike historia ya shaba ya Katanga, wanataka kumujua yeye. Halafu shule zingine zinaongeza swali fupi: juu ya nini unatuchagua sisi? Hilo linajibiwa kama lettre de motivation.

Wengine watasema Kifaransa cha mutoto kina makosa, ndiyo maana wanalipa. Kusahihishwa si vibaya. Mwalimu asahihishe, kaka aliyemaliza unif asahihishe, lakini maneno yatoke kwa mutoto. Na dola 15, bamama wanajua ni unga wa siku ngapi.

Juu ya kazi ya muzazi: bourse zingine zinatolewa kwa kuangalia hali ya familia. Mutoto akiandika « commerçant » na attestation inasema « foreur », dosiye inajipinga yenyewe. Anayesoma atafikiri ni uongo, na atakuwa na haki.

Kuanzia sasa tunaomba délégués wote wasitie saini kwa attestation bila kusoma barua pamoja na mutoto mwenyewe. Jumamosi kisha saa nane biro iko wazi, na mwalimu mmoja wa Kifaransa alikubali kukaa nasi, bure.

Barua ya yule baba tuliirudisha. Mutoto alikuja kesho yake na karatasi ya kayé, aliandika kwa bic, mistari kumi na moja, makosa saba. Mstari wa kwanza unasema baba yake ni foreur.