Programu ya Wote Iandikiwe Wote

Wako vijana mjini Moshi, na katika vijiji vya mteremkoni kuanzia Machame hata Rombo, wanaotunga programu za kompyuta na kuzitoa bure, chanzo chake kikiwa wazi ili kila mwenye ujuzi akisome, akirekebishe na kumgawia mwenzake. Hizo ndizo ziitwazo programu huria. Sisi twawapongeza vijana hao, kwani kazi yao i karibu sana na siasa ya ujamaa na kujitegemea tuliyoirithi tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967: mali ya wote, ijengwe na wote, imfae kila mmoja.

Lakini tuna neno nao. Programu hutolewa leo, mwongozo wake huahidiwa kesho, na kesho hiyo haifiki.

Tuseme chama cha msingi cha kahawa kimepewa programu ya kupokelea mazao. Kijana aliyeitunga anaishi jirani, naye humwonyesha karani kwa mdomo. Msimu wa kwanza mambo ni mazuri. Kisha kijana apata kazi Dar es Salaam, naye karani astaafu. Msimu wa pili mashine yakataa kutoa hesabu, na mkulima aliyeleta kilo zake za kahawa ya maganda asimama dirishani akiuliza zimekwenda wapi. Chanzo ki wazi, hakuna aliyekificha. Ila hakuna anayejua aanzie wapi kukisoma. Ya nini basi kumwambia mkulima yule kwamba programu ni huria?

Mtu asidhani kwamba twawasema vijana wetu peke yao. Mwaka 2017 kampuni ya GitHub, ambayo katika ghala zake huwekwa sehemu kubwa ya programu huria za dunia, iliwauliza watu wa kazi hiyo juu ya shida zao. Tisini na tatu katika kila mia walisema kwamba wamekutana na tatizo la nyaraka pungufu au zilizopitwa na wakati. Na sitini katika kila mia ya wachangiaji walisema kuwa wao wenyewe huziandika kwa nadra au hawaziandiki kabisa. Yaani karibu wote waliona shimo lile, na wengi wao wakalipita kando. Richard Stallman, Mmarekani aliyeanzisha mradi wa GNU mwaka 1983, amesema kwa miaka mingi kwamba upungufu mkubwa wa programu huria ni ukosefu wa miongozo mizuri iliyo huru kama programu zenyewe, na mwaka 2000 shirika lake lilitoa leseni maalumu kwa ajili ya miongozo.

Wako watakaotujibu kwa mfano wa mifongo. Wazee wa mlimani walichimba mifereji ile iletayo maji kutoka mito ya msituni hadi migombani; kila ukoo ulikuwa na zamu yake ya maji, na asiyetoka siku ya kuzibua mfongo alitozwa. Hapakuwa na kitabu, na maji yalifika. Ni kweli. Yalifika kwa kuwa mtoto alifuatana na babaye mferejini tangu hajaweza kushika jembe, na walioufahamu mfongo waliishi kando yake mpaka uzeeni. Mtunzi wa programu hana mtoto wa kumfuata hivyo. Wanaoitumia kazi yake hawajapata kumwona, na wengine wako Mwanza au Eldoret.

Ushirika wa mlima huu haukutegemea mazoea hayo. Chama cha wakulima wa kahawa, KNPA, kilichoanzishwa mwaka 1925, na KNCU iliyokifuata mwaka 1933, vilikuwa vyama vya daftari: orodha ya wanachama, stakabadhi ya uzito, kumbukumbu za mikutano. Karani akiondoka, mwingine alifungua daftari akaendelea na kazi.

Tena yafaa tukumbuke lugha. Mchungaji Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyekaa Old Moshi miaka mingi, alikusanya sheria za Wachagga akazichapisha mwaka 1926. Kazi kubwa, hatuibezi. Lakini iliandikwa kwa Kijerumani, nao wenye sheria hizo walioweza kuisoma walikuwa wachache mno. Mwaka 1947 Petro Itosi Marealle alitoa kitabu chake, Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kwa Kiswahili. Kila mtunzi wa programu katika nchi yetu hana budi kuchagua kati ya njia hizo mbili. Mwongozo wa Kiingereza kwa karani wa Kibosho ni ule Ujerumani wa 1926 umerudi kwa jina jingine. Wala asituambie mtu kwamba Kiswahili hakina maneno. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Maneno yalitafutwa, na yakapatikana.

Sasa, tusemapo mpango wa nyaraka hatuna maana ya kuandika kila kitu siku ya kwanza. Twataka vijana waulize mapema: nani atasoma, akiwa wapi, na mkononi ana nini? Karani aliye kwenye mizani, foleni ikiwa ndefu na mvua yatisha, hataki historia ya programu. Ataka hatua nne za kusahihisha kilo alizozikosea. Karani mgeni, akiwa na siku nzima mbele yake, ahitaji somo la kumshika mkono toka mwanzo mpaka mwisho. Fundi ataka orodha kamili ya sehemu zote na kazi ya kila moja. Na yule atakayeirithi programu baada ya miaka mitano ahitaji jambo ambalo husahauliwa kuliko yote, nalo ni sababu: kwa nini uzito huandikwa bila kukata gramu, kwa nini jina la mwanachama halifutwi hata akifariki. Asipoelezwa sababu ataibomoa nguzo akidhani ni kuni. Wasomaji hawa wanne wakitiwa katika kitabu kimoja bila mpango, hakuna hata mmoja atakayepata haja yake.

Nchi yetu si ngeni wa kazi hii. Mpango wa kisomo ulioanza sehemu za Mwanza mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO uliandaa vitabu kwa kufuata kazi ya msomaji: mlima pamba chake, mlima ndizi chake, mvuvi chake. Na leo DHIS2, programu huria yenye mizizi Afrika Kusini na inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo hutumika nchini kukusanya takwimu za afya, nyaraka zake zimegawanywa: za mtumiaji, za anayeisimika, za msimamizi wa mitambo, za mtunzi.

Twasikia vijana wakisema kwamba chanzo chenyewe ni maelezo tosha, na kwamba programu hubadilika kila wiki hata maandishi hayawezi kuifuata. Neno la kwanza ni sawa na kumwambia mpangaji asome matofali. La pili lina haki ndani yake, na dawa yake yajulikana: badiliko lolote lisipokelewe mpaka liwe limekuja pamoja na badiliko la mwongozo, na awepo mtu mmoja, kwa jina, anayelinda sharti hilo. Mtu huyo alipwe kama anavyolipwa mtunzi.

Wako pia, si wengi lakini wako, wasioandika kwa makusudi, ili waitwe kila kitu kiharibikapo na kila waitwapo walipwe. Huo ni unyonyaji, na kuuvika jina la uhuria hakuubadili.

Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilichoanza mwaka 1963 kikiwa chuo cha kufundisha watu wa ushirika, chaweza kutusaidia kwa kuutahini mwongozo wa mwanafunzi kwa uzito ule ule wa programu yake. Na kwa viongozi wa vyama vya msingi twasema hivi: kijana akija na programu, mwambieni aweke mwongozo mezani, kisha mwiteni karani ambaye hajapata kuiona, apokee kahawa ya wakulima watatu kwa kuufuata mwongozo huo peke yake, mtunzi akiwa amekaa nje. Karani akishindwa, kijana arudi nao nyumbani akausahihishe, na daftari la karatasi liendelee kutumika hata atakapouleta tena.