Kuna Kuwaka, na Kuna Kutoneshwa

Wasee, hili neno "kutriga" tumelichosha. Man U ikifungwa, imenitriga. Konda wa mathree ya Kangemi akikataa na chenji, amenitriga. Mtu mliachana naye akiposti picha yuko Westi na mwingine, hapo sasa nimetrigiwa vibaya. Neno moja linabeba mzigo wa maneno kumi, na siku mtu analihitaji kwa kweli, anachekwa.

Triga ni kale kachuma ka bunduki unavuta na kidole ndio risasi itoke. Wataalamu wa afya ya akili nao wana triga yao: sauti au harufu tu inaweza kufyatua kumbukumbu ya jambo baya lililokupata, na mwili ukaona ni kama linatokea tena saa hii.

Hapa Nairobi hiyo si hadithi ya mbali. Tarehe 7 Agosti 1998, pale Moi Avenue inakutana na Haile Selassie, watu walisikia mlipuko mdogo kwanza, wakaenda dirishani kuangalia. Kisha bomu la ubalozi wa Marekani likalipuka, na vioo vikapofusha wengi. Zaidi ya watu 200 walikufa. 2013 ikaja Westgate, 2019 ikaja Riverside, zote upande wa Westlands. Halafu 25 Juni 2024, watu wa rika letu wakapigwa risasi tao, karibu na Bunge.

Sasa chukua mmoja wa waliokuwepo siku hizo. Anatembea Waiyaki Way, nganya inapasua ekzosi nyuma yake. Ama yuko Parklands, fataki za Diwali zinaanza. Anaruka, anatetemeka, anatafuta ukuta. Na sisi? Tunatoa simu: "Cheki vile amewaka!"

Hajawaka. Anayewaka ni mlevi, ni sherehe ikinoga, ni mtu ameudhika, na hasira hupoa. Huyu ametoneshwa. Kiswahili kilikuwa na hilo neno kabla TikTok izaliwe: ukigonga kidonda ambacho hakijapona, umekitonesha.

Mimi nalipenda kwa sababu hii: "kutriga" linamfanya mtu aonekane kama bunduki, hatari kwa wengine. "Kutoneshwa" linatukumbusha ana kidonda. Bunduki unaikimbia, mwenye kidonda unamchunga usimguse vibaya.

Najua kuna wale watalitumia kukwepa maneno: ukimdai pesa yako, ati umemtonesha. Wapo, na deni walipe. Lakini kwa sababu yao tusiwanyime wengine neno.

Kwa hivyo timu yako ikifungwa, sema umewaka, na tutakucheka bila huruma. Mtu akikuambia ametoneshwa, weka simu mfukoni. Muulize kama anataka maji, ama anataka tu usimame naye hapo kidogo hadi moyo utulie.